BASIC: Lugha ya Kompyuta Iliyotungwa kwa Ajili ya Anayeanza

Katika historia ya lugha za programu, yaani lugha ambazo binadamu huzitumia kuiandikia kompyuta maagizo, ni chache zilizotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu asiyejua lolote kuhusu mashine hiyo, na ya kwanza kati ya hizo kuenea sana duniani ni BASIC, iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, na kuanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 1964. Wepesi wa lugha hiyo huelezwa kwa kawaida kwa kutaja uchache wa maneno yake na jinsi maneno hayo yalivyokaribiana na Kiingereza cha kila siku. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayafiki kwenye kiini cha jambo, kwa sababu wepesi wa BASIC ulitokana kwanza na uamuzi kuhusu nani aruhusiwe kuigusa kompyuta na asubiri kwa muda gani kabla ya kupata jibu, na ni baada ya uamuzi huo tu ndipo maneno yenyewe yalipotafutwa.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo ni lazima kukumbuka namna kompyuta zilivyotumiwa katika miaka ya 1950. Mashine zilikuwa chache na ghali mno, na kwa kuwa kila dakika yake ilikuwa na thamani kubwa kuliko saa ya mtu, utaratibu wote ulipangwa kwa manufaa ya mashine. Mtumiaji aliandika programu yake kwenye karatasi, akaihamishia kwenye kadi zinazotobolewa matundu, kila kadi ikibeba mstari mmoja, kisha akalikabidhi bunda lake la kadi kwa wahudumu wa mashine, ambao waliyakusanya mabunda ya watu wengi na kuyapitisha moja baada ya jingine. Majibu yalirudi baada ya saa kadhaa au siku nzima, na ikiwa koma moja ilikuwa imesahaulika, jibu lilikuwa tangazo la kosa, na safari ikaanza upya. Utaratibu huo uliweza kuvumiliwa na mtaalamu aliyekuwa na tatizo kubwa la kisayansi na muda wa kutosha, lakini kwa mwanafunzi anayejifunza kwa kukosea na kusahihisha ulikuwa ukuta.

Dartmouth haikuwa hata na mashine ya kuwekea foleni. Kuanzia mwaka 1956 Kurtz, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa ametoka tu kuhitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa akisafiri kwa treni kila baada ya wiki mbili hadi Cambridge, Massachusetts, umbali wa takriban kilomita 200, akichukua kadi zake na za wenzake ili zipitishwe kwenye kompyuta ya IBM 704 iliyokuwa katika taasisi ya MIT na ambayo vyuo vya New England viliruhusiwa kuitumia. Mwenzake Kemeny alikuwa na historia ya namna nyingine. Alizaliwa Budapest mwaka 1926, akahamia Marekani na familia yake mwaka 1940, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliitwa kufanya kazi Los Alamos, ambako mahesabu ya bomu la atomiki yalifanywa kwa mashine za kadi zilizohitaji majuma kukamilisha kazi moja. Baadaye, akiwa Princeton, alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika hisabati, na mwaka 1953 alihamia Dartmouth, ambako baada ya miaka miwili alikabidhiwa uongozi wa idara ya hisabati.

Safari za Cambridge zilimpa Kurtz funzo lililoathiri kila kilichofuata. Tatizo lake moja la takwimu aliliandika kwanza katika lugha inayokaribiana na lugha ya mashine yenyewe, ambayo kila agizo lake hugusa hatua moja ndogo ya kompyuta, kwa imani iliyoenea wakati ule kwamba huko ndiko kutumia mashine kwa ubora. Alihangaika kwa miezi, akamaliza muda mwingi wa kompyuta, wala hakupata jibu. Kisha aliliandika upya katika FORTRAN, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957 ambayo ilimwezesha mtu kuandika kanuni za hisabati karibu kama zinavyoandikwa kitabuni, na mashine ikatoa jibu kwa dakika chache tu. Lugha iliyomhurumia binadamu ilikuwa pia imeipunguzia mashine kazi, kwa kuwa makosa yalipungua, na hoja kwamba wepesi ni anasa isiyostahili kulipiwa ikapoteza msingi wake.

Mwaka 1959 chuo kilinunua kompyuta ndogo ya LGP-30, yenye ukubwa wa meza ya ofisini, na jambo la kukumbukwa kuhusu mashine hiyo ni watu waliopewa ufunguo wa chumba chake. Kemeny na Kurtz waliwaruhusu wanafunzi wa shahada ya kwanza kuitumia watakavyo, na wanafunzi hao waliandika kompaila, yaani programu inayoifasiri lugha ya binadamu iwe maagizo ya mashine, kwa ajili ya lugha ya ALGOL iliyokuwa mpya kabisa. Walimu wenyewe walikuwa wakijaribu kutunga lugha sahili: mwaka 1956 Kemeny alibuni mfumo ulioitwa DARSIMCO, ambao haukupata watumiaji, na mwaka 1962, akisaidiwa na mwanafunzi, alibuni DOPE, ambao ulikuwa jaribio la kuona lugha inaweza kupunguzwa kiasi gani kabla haijapoteza uwezo. Majaribio hayo mawili hayakudumu, lakini yaliwaonyesha kwamba urahisi haupatikani kwa kupunguza peke yake. DOPE ilikuwa fupi kiasi kwamba ilianza tena kufanana na lugha ya mashine.

Takriban robo tu ya wanafunzi wa Dartmouth walisoma sayansi au uhandisi. Wengine wote walielekea kwenye sheria, biashara, siasa na fasihi, na kwa mawazo ya Kemeny na Kurtz hao ndio ambao baadaye wangekuwa na madaraka ya kuamua kompyuta zitumikeje katika serikali na makampuni. Kuwafundisha wanasayansi peke yao kungekuwa kuwaacha wenye maamuzi gizani. Kutokana na fikra hiyo walifikia msimamo ambao kwa wakati wake ulikuwa wa kishupavu: kila mwanafunzi wa chuo ajifunze kuandika programu, na kompyuta iwe kama maktaba ya chuo yenye rafu wazi, ambayo mwanafunzi huingia na kuchukua kitabu bila kueleza anakitakia nini na bila kulipia. Msimamo huo haukuwezekana kwa utaratibu wa mabunda ya kadi. Suluhisho lilidokezwa na John McCarthy wa MIT, ambaye aliwahi kufundisha Dartmouth, aliyemshauri Kurtz wajaribu mfumo wa kugawana muda, yaani mpango ambao kompyuta moja humhudumia kila mtumiaji kwa kipande kifupi sana cha sekunde, ikaruka kwa mwingine na kumrudia wa kwanza kabla hajahisi kwamba iliondoka, hivyo kila mmoja akaona kana kwamba mashine ni yake.

Maombi ya fedha yalipelekwa kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Baadhi ya walioyapitia walikuwa na shaka, kwa kuwa yalisema wazi kwamba kazi ya kuandika mfumo huo, ambayo hata makampuni makubwa yalikuwa bado yanaihangaikia, ingefanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata hivyo fedha zilitolewa. Kompyuta ya GE-225 kutoka General Electric iliwekwa mwanzoni mwa 1964 katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la College Hall, pamoja na mashine ya pili, Datanet-30, iliyopokea mawasiliano ya watumiaji, na wanafunzi wawili, Michael Busch na John McGeachie, waliandika mfumo wa kuziendesha kwa pamoja. Kemeny mwenyewe aliishughulikia kompaila. Alfajiri ya tarehe 1 Mei, karibu saa kumi usiku, programu mbili za BASIC ziliendeshwa kwa wakati mmoja kutoka teletaipu mbili, yaani taipureta zilizounganishwa na kompyuta kwa waya, na zote zikatoa majibu sahihi.

Lugha yenyewe ilikuwa na aina za maagizo zisizozidi 15 hivi, na muundo wake unaonekana vizuri katika programu ndogo kama ifuatayo, ambayo hujumlisha namba kutoka 1 hadi 10:

10 LET S = 0
20 FOR N = 1 TO 10
30 LET S = S + N
40 NEXT N
50 PRINT S
60 END

Herufi S na N ni vigeu, yaani majina yanayoshika thamani inayoweza kubadilishwa. Mstari wa 10 unaipa S thamani ya sifuri. Mstari wa 20 unafungua mzunguko ambao N itachukua thamani 1, kisha 2, na kuendelea hadi 10. Mstari wa 30 unaiongeza N kwenye S. Mstari wa 40 unairudisha kompyuta mwanzo wa mzunguko mpaka hesabu itimie. Mstari wa 50 unachapa jibu, ambalo ni 55, na wa 60 unafunga programu. Mwanafunzi aliyemaliza kuandika mistari hiyo aliandika RUN, na baada ya sekunde chache jibu lilichapwa mbele yake kwenye karatasi ileile.

Namba zilizo mwanzoni mwa mistari, ambazo wasomi wa baadaye walizidharau sana, zinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko kawaida. Teletaipu haikuwa na skrini, na kilichokwisha kuchapwa kwenye karatasi hakikuweza kufutwa wala kusogezwa, kwa hiyo ilihitajika njia ya kumwezesha mwanafunzi kusahihisha sehemu moja ya programu bila kuiandika yote tena. Namba ya mstari ilitimiza haja hiyo bila kumdai ajifunze chombo kingine chochote: aliyekosea mstari wa 30 aliuandika upya kwa namba ileile, na ule wa zamani ukaondolewa katika kumbukumbu ya mashine, aliyesahau agizo kati ya 30 na 40 aliliandika kwa namba 35, likaenda mahali pake. Ndiyo maana mistari ilihesabiwa kwa makumi, ili nafasi ya mawazo ya baadaye ibaki. Namba hizo pia zilitumiwa na agizo la GOTO, linaloiamuru kompyuta iruke hadi mstari uliotajwa, na matumizi haya ya pili ndiyo yaliyoleta lawama, ilhali yale ya kwanza yalikuwa jibu la busara kwa vifaa vilivyokuwapo.

Kila neno lilipimwa kwa kuuliza mtu asiye na mafunzo angelielewaje. Katika FORTRAN mzunguko uliandikwa kwa kupanga namba zilizotenganishwa kwa koma, na mtumiaji alitakiwa akumbuke ipi ni ya kuanzia, ipi ya kumalizia na ipi ni ya hatua. Katika BASIC maneno FOR, TO na STEP yaliyasema hayo wazi. Neno LET liliwekwa kwa lazima kwa sababu mwanafunzi wa hisabati anayekutana na S = S + N huona mlinganyo usiowezekana, kwani namba haiwezi kulingana na yenyewe ikiongezewa nyingine, ilhali LET humwarifu kwamba hilo ni agizo la kuweka thamani mpya mahali pa ya zamani. Kuingia katika mfumo kulifanywa kwa HELLO na kutoka kwa GOODBYE. La maana kuliko yote, kwa mtazamo wa anayefundisha, ni kwamba BASIC haikumtaka mtu atofautishe namba kamili na namba zenye desimali, ambazo mashine huzihifadhi kwa njia mbili tofauti na ambazo FORTRAN ilizitenga kwa herufi ya kwanza ya jina la kigeu. Kwa mtu wa kawaida 2 na 2.0 ni namba moja, na 1 kugawanya kwa 2 ni nusu. Kemeny na Kurtz waliamua kwamba mashine ndiyo ibebe usumbufu huo, ingawa mahesabu yangekuwa ya polepole zaidi.

Mafunzo yaliingizwa ndani ya masomo ya hisabati ya mwaka wa kwanza. Yalihitaji mihadhara miwili au mitatu tu, kisha wanafunzi wakaachwa na kijitabu cha maelekezo na mazoezi ya kuandika, na programu maalumu ndizo zilizokagua kama kazi zao zilikuwa sahihi. Ndani ya miaka michache wengi wa wanafunzi wa chuo hicho, wakiwamo wa falsafa na historia, walikuwa wameandika programu, na teletaipu zilikuwa zimefika hadi shule za sekondari za eneo hilo kwa njia ya simu. Dartmouth wakati huo ilikuwa bado chuo cha wanaume. Wanawake walidahiliwa rasmi mwaka 1972, Kemeny alipokuwa rais wa chuo, kwa hiyo wasichana wa shule hizo za sekondari walikuwa na fursa ya kuitumia kompyuta ya chuo ambacho wao wenyewe hawakuweza kujiunga nacho.

General Electric, iliyoona mafanikio hayo kwa karibu, ilianza kuuza huduma ya kugawana muda kwa yeyote mwenye teletaipu na simu, na BASIC ikasafiri pamoja nayo. Mwaka 1968 shule ya Lakeside mjini Seattle ilipata teletaipu iliyounganishwa na huduma hiyo, ikilipiwa kwa fedha ambazo kinamama wa wanafunzi walizichangisha kwa kuuza vitu vilivyokwisha kutumika, na miongoni mwa watoto walioizunguka walikuwamo Bill Gates na Paul Allen. Kompyuta ndogo ya Altair 8800 ilipotangazwa mwanzoni mwa 1975, bila skrini wala kibodi, vijana hao wawili, wakisaidiwa na Monte Davidoff, waliiandikia BASIC iliyoenea katika kumbukumbu ya baiti 4,096 tu, na kampuni yao ya Microsoft ikaanzia hapo. Upande mwingine, watu waliozunguka gazeti la People's Computer Company huko California waliona kwamba lugha ya anayeanza haipaswi kuuzwa, na Dennis Allison akachapisha maelezo ya toleo dogo lililoitwa Tiny BASIC ili kila mwenye mashine ajitengenezee lake na kuwagawia wengine.

Mwaka 1977 Apple II, Commodore PET na TRS-80 ziliingia sokoni, kila moja ikiwa na BASIC iliyohifadhiwa ndani yake, na katika miaka michache iliyofuata zilijiunga nazo mashine za Uingereza kama Sinclair na BBC Micro, ambayo BASIC yake iliandikwa na Sophie Wilson. Katika nyingi ya mashine hizo aliyewasha kompyuta alikutana papo hapo na lugha ya programu, bila kuitafuta wala kuinunua, hali ambayo haijawahi kuwapo kabla wala baada ya kipindi hicho. Vitabu na magazeti yalichapa programu nzima mstari kwa mstari ili wasomaji wazinakili kwa mikono, na mkusanyo wa michezo uliohaririwa na David Ahl, ambao toleo lake maarufu lilitoka mwaka 1978, uliuza nakala zaidi ya milioni moja. Kunakili huko kulikuwa shule yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenakili bila kukosea, na kutafuta kosa kulimlazimu kuelewa kila mstari ulikuwa unafanya nini.

Hata hivyo upana huo ulikuwa na gharama. Ili lugha ienee katika kumbukumbu ndogo, kila mtengenezaji alikata alichoona kinakatika: Tiny BASIC na BASIC ya kwanza ya Apple, iliyoandikwa na Steve Wozniak, zilifuta desimali, hivyo 1 kugawanya kwa 2 ikawa sifuri, majina ya vigeu yalibaki mafupi, na njia za kuigawa programu katika sehemu zinazojitegemea hazikupewa nafasi. Lahaja zikawa nyingi mno, na programu ya mashine moja haikukubaliwa na nyingine. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi aliyekuwa amekwisha kuipinga GOTO tangu 1968, aliandika mwaka 1975 kwamba wanafunzi waliotangulia kufundishwa BASIC karibu hawafundishiki tena uandishi mzuri wa programu. Kuhusu GOTO alikuwa na haki, kwa kuwa programu ndefu yenye miruko mingi haifuatiliki hata na aliyeiandika. Kuhusu watu alikosea, na idadi ya wanaprogramu mahiri walioanzia BASIC katika miaka ya 1980 inatosha kulithibitisha hilo.

Walioumizwa zaidi na hali hiyo walikuwa waasisi wenyewe. Kule Dartmouth BASIC ilikuwa imeendelea kukua, ikapata miundo iliyoifanya GOTO isihitajike, lakini ulimwengu ulikuwa umeondoka na toleo la zamani lililokatwakatwa, ambalo Kemeny na Kurtz waliliita BASIC ya mitaani. Mwaka 1985 walitoa True BASIC, isiyotegemea namba za mistari na inayofanana katika kila mashine, ila soko lilikuwa limekwisha kuwazoea wengine na haikupata nafasi iliyostahili. Kemeny alifariki mwaka 1992, na Kurtz mwaka 2024.

Kazi yao ilipata mrithi kutoka kwa watu walioazimia kuiondoa. Katika taasisi ya hisabati na kompyuta ya CWI mjini Amsterdam, Leo Geurts, Lambert Meertens na Steven Pemberton walitunga lugha ya ABC kwa lengo la kumpa anayeanza kitu bora kuliko BASIC, chenye kujibu papo hapo vilevile lakini chenye muundo safi. ABC haikuenea, ila kijana mmoja aliyefanya kazi katika mradi huo, Guido van Rossum, alianza mwishoni mwa 1989 kuandika lugha yake mwenyewe akichukua aliyoyapenda ndani ya ABC, na akaitoa hadharani Februari 1991 kwa jina la Python, ambayo leo ndiyo hufundishwa mara nyingi zaidi kwa wanaoanza. Katika kuyachagua mambo yake, van Rossum aliacha moja ambalo Dartmouth ilikuwa imekwisha kulimaliza: Python, kwa kuifuata lugha ya C, ilizitenga namba kamili na za desimali, na 1 kugawanya kwa 2 ilitoa sifuri. Watafiti wa mradi wa Alice, waliowafundisha Python watu wasio wataalamu, waliona wanafunzi wao wakikwama hapohapo mara kwa mara, wakamweleza, naye akakubali kwamba sheria hiyo ibadilishwe. Mabadiliko yalipitishwa mwaka 2001, lakini kwa kuwa programu nyingi zilikuwa zimekwisha kuitegemea tabia ya zamani, nusu ilikuja kuwa nusu moja kwa moja katika Python 3.0, Desemba 2008, miaka 44 baada ya kuwa hivyo katika BASIC.